Ng'ombe ana homa? Kioo kwanza, sindano baadaye

MFUGAJI anaamka alfajiri kukamua. Ng'ombe ambaye jana alitoa lita 10 leo ametoa lita nne, hajagusa majani aliyowekewa usiku na masikio yameinama. Ikifika saa tatu mfugaji huyo yuko kwenye duka la dawa za mifugo, na maelezo yake ni mafupi: ng'ombe hali, ana joto, nipe dawa ya homa.

Muuzaji atampa nini? Katika maduka mengi ya ukanda wa Pwani jibu hutegemea kilichopo rafuni na fedha zilizopo mfukoni mwa mteja. Mara nyingi ni chupa ya oksitetrasaiklini, maarufu kama OTC, kwa kuwa bei yake inavumilika na kila mtu anaijua. Kesho yake joto likiwa halijashuka, inanunuliwa diminazini, ambayo wafugaji wa zamani huiita Berenil hata kama paketi imeandikwa jina jingine. Siku ya tatu au ya nne, ng'ombe anapoanza kukohoa na kutoa povu puani, ndipo mtu anataja ndigana kali.

Kufikia hapo fedha za dawa mbili zimekwisha. Dawa ya tatu, buparvakwoni, ambayo ndiyo ilitakiwa tangu siku ya kwanza, ni ghali kuliko hizo mbili, na haimsaidii sana ng'ombe ambaye mapafu yake yameshajaa maji. Kila siku iliyopotea imekwenda na lita sita za maziwa, na sasa ng'ombe mwenyewe yuko njiani kwenda.

Kipimo ambacho kingetenganisha magonjwa haya mapema hakihitaji mashine kubwa. Kinahitaji sindano, vipande viwili vya kioo cha maabara, rangi, hadubini na mtu anayejua kuitumia.

Homa moja, magonjwa manne

Tatizo la mfugaji si uzembe. Siku ya kwanza na ya pili magonjwa haya hufanana. Joto la kawaida la ng'ombe huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na nukta kidogo. Likifika 40 au 41, mnyama akaacha kula na maziwa yakakatika, inaweza kuwa ndigana kali inayoletwa na kupe wa masikio, au ndigana baridi, au ugonjwa wa kukojoa damu, au nagana inayoenezwa na ndorobo.

Dalili za kutofautisha zipo, lakini nyingi huchelewa. Mkojo mwekundu hauonekani kwa kila ng'ombe. Kinyesi kikavu na macho ya njano ya ndigana baridi huja baada ya damu kupungua sana. Nagana yenyewe inaweza kumkondesha ng'ombe kwa miezi bila kelele, leo ana homa, wiki ijayo hana.

Na dawa hazibadilishani kazi. OTC hufanya kazi kwa ndigana baridi, ambayo kijidudu chake kitaalamu ni bakteria, lakini haimponyi ng'ombe aliyekwisha kuugua ndigana kali. Diminazini huua vimelea vya nagana na vya ugonjwa wa kukojoa damu. Kwa ndigana kali ni sawa na maji. Buparvakwoni ni ya ndigana kali, na kumdunga ng'ombe mwenye nagana ni kutupa fedha.

Ambaye bado anaona aibu kwa kukosea ajue kwamba aliwahi kukosea mtu mkubwa kuliko yeye, tena hapa hapa nchini. Mwaka 1897 Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alikuwa Dar es Salaam akichunguza damu ya ng'ombe. Aliona vitu vidogo ndani ya chembe nyekundu, akaamini ni vijidudu vichanga vya ugonjwa wa kukojoa damu. Kumbe alikuwa anatazama kimelea kingine kabisa.

Kosa hilo lilikuwa na gharama. Mwaka 1901 na 1902 ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki walipelekwa kusini, ambako sotoka na vita vilikuwa vimemaliza mifugo. Walikwenda na kupe wao, na ng'ombe wa huko wakaanza kufa kwa wingi. Koch aliitwa Rhodesia mwaka 1903 kuchunguza. Ni mwaka 1904 ndipo Arnold Theiler, daktari wa mifugo aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini, alipoonyesha kuwa huo ni ugonjwa wa peke yake wenye kimelea chake. Kimelea hicho leo kinaitwa kwa jina lake, Theileria, na Waingereza mpaka sasa wanauita ugonjwa huo homa ya Pwani ya Mashariki.

Tezi kwanza, damu baadaye

Hapa ndipo wafugaji wengi, na hata baadhi ya mabwana mifugo, wanapokosea. Mtu anachukua damu ya sikioni, anaipeleka maabara, anaambiwa hakuna kitu, anarudi nyumbani akiamini kwamba ng'ombe wake hana ndigana kali. Siku tano baadaye ng'ombe amekufa kwa ndigana kali.

Maabara haikudanganya. Sampuli ndiyo haikuwa yenyewe. Kupe wa masikio anapouma, vimelea anavyoviingiza haviendi moja kwa moja kwenye chembe nyekundu za damu. Huingia kwanza kwenye chembe nyeupe zilizo katika tezi ya karibu, na kwa kuwa kupe huyu hupenda sikio, tezi inayovimba mapema ni ile iliyo chini ya sikio, ikifuatiwa na iliyo mbele ya bega. Humo vimelea huzaliana na kuzifanya chembe nyeupe nazo ziongezeke ovyo. Kwenye chembe nyekundu vitaonekana siku kadhaa baadaye.

Kwa hiyo kwa ng'ombe mwenye homa na tezi iliyovimba, sampuli ya kwanza ni maji ya tezi. Mtaalamu huibana tezi kwa vidole vya mkono mmoja, akachoma sindano safi kwa mkono mwingine, akavuta kidogo, kisha akatoa tone moja juu ya kioo na kulisambaza likawa jembamba. Kioo huachwa kikauke kwa hewa, hulowekwa kwenye methanoli kwa dakika chache ili chembe zisibanduke, halafu huwekwa rangi ya Giemsa kwa nusu saa hivi na kuoshwa.

Chini ya hadubini, kwa lenzi kubwa yenye tone la mafuta, chembe nyeupe yenye ugonjwa huonekana imebeba kitu kama kijibuluu chenye vidoa vyekundu vya zambarau. Wataalamu huviita vijibuluu vya Koch, maana yule yule aliyekosea awali ndiye aliyevieleza. Vikionekana kwa ng'ombe mwenye homa, mjadala wa dawa umekwisha.

Rangi yenyewe nayo ina udugu na nchi hii. Gustav Giemsa, mkemia wa Kijerumani ambaye jina lake limebaki kwenye chupa, alifanya kazi ya ufamasia katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani kati ya mwaka 1895 na 1898, kabla ya kurudi kwao na kuitengeneza rangi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Zaidi ya miaka 100 baadaye hakuna rangi iliyoiondoa kwenye meza za maabara za mikoani.

Damu nayo ina kazi yake. Tone la mshipa wa sikio likisambazwa vizuri na kuwekwa rangi ile ile, huonyesha vimelea vya ugonjwa wa kukojoa damu, mara nyingi viwili viwili vyenye umbo la tone la maji ndani ya chembe nyekundu. Ndigana baridi huonekana kama kidoa kimoja cheusi pembeni mwa chembe. Msomaji mzembe wa hadubini anaweza kudanganywa na chembe ya rangi isiyooshwa vizuri akaiita ndigana baridi, na hili hutokea mara nyingi kuliko inavyokubaliwa.

Pamoja na hayo, kukuta vimelea vichache vya ndigana kali kwenye damu si ushahidi kwamba ndivyo vinavyomuua ng'ombe leo. Ng'ombe aliyepona hubaki navyo. Aliyechanjwa chanjo ya ndigana kali, ile iliyotokana na utafiti wa Muguga nchini Kenya na ambayo mnyama huwekewa hereni sikioni, naye hubaki navyo. Ng'ombe wa kienyeji aliyekulia kwenye kupe wengi anaweza kuwa navyo maisha yake yote akiwa mzima. Maabara inapouliza umri, chanjo, josho na dawa zilizokwisha kudungwa, haiulizi kwa udaku.

Ndorobo hataki kusubiri

Vimelea vya nagana vina tabia nyingine. Haviingii ndani ya chembe, vinaogelea katikati yake, na njia rahisi kuliko zote ni kuweka tone la damu mbichi kwenye kioo, kulifunika na kutazama. Kama vipo, chembe nyekundu huonekana zikisukumwasukumwa kama watu kwenye mnada wakati mbuzi amekatika kamba.

Ubaya ni kwamba idadi yake hupanda na kushuka. Siku nyingine vimejaa, siku nyingine hata mtaalamu mzuri havioni. Ndiyo maana maabara zenye umeme hutumia mrija mwembamba wa kioo uliojazwa damu na kuzungushwa kwa kasi kubwa kwa dakika tano. Chembe nyekundu hushuka chini, maji ya damu hubaki juu, na vimelea hukusanyika kwenye utando mweupe wa katikati, ambako hutafutwa kwa hadubini. Njia hii ilielezwa mwaka 1970 na kuboreshwa mwaka 1977, na inakamata wagonjwa wengi ambao tone la kawaida lingewaacha.

Mrija huo huo unatoa jibu la pili bila gharama ya ziada. Ukipimwa kwa rula yake unaonyesha chembe nyekundu ni asilimia ngapi ya damu. Kwa ng'ombe mzima huwa kati ya 24 na 46. Aliyeshuka chini ya hapo ana upungufu wa damu, na kama eneo lina ndorobo, nagana inakuwa mtuhumiwa wa kwanza hata kama kimelea hakijaonekana siku hiyo.

Eneo ni sehemu ya kipimo. Kisiwani Unguja, kwa mfano, ndorobo wa mwisho alinaswa Septemba 1996, baada ya madume waliokuzwa katika kituo cha utafiti cha Tanga na kuhasiwa kwa mionzi kuachiwa kwa wingi kutoka kwenye ndege. Mfugaji wa Unguja mwenye ng'ombe aliyekonda ataanza kutafuta kwingine. Mwenzake wa Pangani hawezi kuruka swali la ndorobo.

Damu ya kipimo cha nagana haivumilii kulala. Vimelea vikifa havionekani vikicheza, na ndani ya saa chache vinaanza kuoza. Chupa yenye dawa ya EDTA ya kuzuia damu isigande iwekwe kwenye kasha lenye barafu, ila isigandishwe wala kuegemea barafu yenyewe, na ifike maabara siku hiyo hiyo. Kama maabara ni mbali, afadhali kupeleka vioo vilivyokauka. Navyo vina adui zao: nzi hula damu iliyo kwenye kioo usiku mmoja ikaisha, na mvuke wa fomalini huiharibu isishike rangi. Kusafirisha kioo katika boksi moja na chupa ya fomalini ni kazi bure.

Kabla ya sindano ya dawa, si baada. Sampuli iliyochukuliwa siku ya pili baada ya kudunga haina maana kubwa, na mfugaji anayeficha kwamba alishadunga anajidanganya mwenyewe.

Kinyesi kina hesabu

Kwa wenye mbuzi na kondoo, hasara kubwa haiji na homa. Inakuja taratibu, kwa minyoo wa tumbo la nne wanaonyonya damu. Mnyoo mmoja hunyonya kiasi cha sehemu ya ishirini ya mililita kwa siku, ambacho ni kidogo mno. Minyoo 5,000 kwenye tumbo la mbuzi mmoja hufanya robo lita kila siku. Mnyoo jike naye hutaga mayai elfu kadhaa kwa siku, na hayo yote yanakwenda malishoni.

Njia inayotumika sana kuhesabu mayai ilitoka Australia mwaka 1939 na inaitwa McMaster, jina la maabara ilikoanzia. Gramu tatu za kinyesi huchanganywa na mililita 42 za maji yaliyokolezwa chumvi mpaka yakashindwa kuyeyusha zaidi. Uchafu huchujwa. Mayai ya minyoo ni mepesi kuliko maji hayo, hivyo huelea, na kioo maalumu chenye vyumba viwili vilivyochorwa mistari huruhusu kuyahesabu. Jumla ya vyumba viwili huzidishwa kwa 50. Mayai 24 yakionekana, mbuzi ana mayai 1,200 kwa kila gramu ya kinyesi, na huyo hahitaji kusubiri.

Thamani ya hesabu hii kwa mfugaji haiko kwenye kipimo cha kwanza tu. Mbuzi wale wale wakipimwa tena siku ya 10 hadi ya 14 baada ya dawa, mayai yanatakiwa yawe yamepungua kwa asilimia 95 au zaidi. Yaliyokuwa 1,200 yakiwa 600, dawa haikufanya kazi. Huenda ni feki, huenda kipimo kilikadiriwa kwa macho, huenda mbuzi wamepewa kiwango cha kondoo wakati mbuzi huivunja dawa mwilini haraka zaidi, na huenda minyoo wameizoea. Bila kuhesabu, mfugaji huyo angeendelea kununua chupa ile ile kila miezi mitatu na kumlaumu mchungaji.

Maji ya chumvi yana udhaifu mmoja ambao wenye mashamba ya mabondeni wanapaswa kuujua. Mayai ya minyoo bapa wa ini ni mazito, hayaelei. Hao hutafutwa kwa kuacha kinyesi kilichochanganywa na maji ya kawaida kituame, kumwaga ya juu na kutazama masimbi. Tena mnyoo bapa huanza kutaga baada ya miezi mitatu hivi au zaidi tangu aingie, kwa hiyo mnyama anaweza kuwa anateseka ini na kinyesi kikawa safi. Machinjio ya jirani, ambako maini hukataliwa na mkaguzi, mara nyingi hutoa habari mapema kuliko maabara.

Kinyesi kichukuliwe kutoka kwenye njia ya haja kwa mkono wenye glovu, si kuokotwa bandani. Kijazwe kwenye kikopo au glovu yenyewe mpaka hewa itoke, kifungwe na kuwekwa mahali pa baridi. Kikiachwa juani kwenye kapu la pikipiki, mayai huanguliwa ndani ya siku moja na hakuna cha kuhesabu.

Wapi, na nani anufaike

Maabara za serikali za mifugo zimo chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2012, makao yake yakiwa Temeke, Dar es Salaam, na vituo kwenye kanda, miongoni mwao Arusha, Mwanza, Iringa, Tabora, Mtwara na Tanga. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nacho kina maabara zake. Huko ndiko kuliko pia vipimo vya kinasaba na vya kingamwili. Vya kinasaba hunasa kimelea hata kikiwa kidogo mno. Vya kingamwili huonyesha kwamba mnyama amewahi kukutana na ugonjwa, jambo linalofaa kwa kuchunguza wilaya nzima lakini halimsaidii mtu anayetaka kujua ng'ombe wake adungwe nini leo mchana.

Kwa mfugaji wa kijijini umbali ndio unaoua kipimo, na hapo kuna nafasi ya biashara ambayo wachache wameitazama. Hadubini yenye kioo cha kukusanyia mwanga hufanya kazi kwa jua. Chumvi ni ya dukani. Chupa moja ya Giemsa hupaka vioo vingi. Ushirika wa maziwa ambao tayari una kituo cha kukusanyia unaweza kuweka meza ya hadubini pembeni mwa mizani na kumlipa mtaalamu mmoja kutokana na makato madogo ya kila lita, mradi mtu huyo na chumba chake wawe wametambuliwa na Baraza la Veterinari kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003.

Mwenye duka la dawa anaweza kuhofu kwamba kipimo kitampunguzia mauzo. Kitampunguzia chupa za kubahatisha, ni kweli. Lakini mteja ambaye ng'ombe wake amepona kwa sindano sahihi hurudi kununua dawa ya kuogesha, madini na chakula kwa miaka, na yule ambaye ng'ombe wake amekufa hana tena sababu ya kupita dukani.

Na kama ng'ombe amekwisha kufa, kipimo bado kinafaa kwa ajili ya wale waliobaki. Kioo kikigusishwa kwenye tezi iliyokatwa ndani ya saa chache huonyesha ndigana kali vile vile. Isipokuwa kama kifo kilikuwa cha ghafla, tumbo limevimba haraka na damu isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma. Huenda hicho ni kimeta, ambacho huua na watu. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi, hauchunwi wala hauliwi. Anaitwa bwana mifugo, naye huchukua tone moja la damu sikioni kwa glovu, na maabara huanzia hapo.